Patasi, grenda au brashi tu? Njia tatu za kulichonga shina kubwa la mreteni

Shina limekaa mbele yako, la mreteni unaotaka kuufanya bonsai, yaani mti unaokuzwa chunguni hadi ufanane na mti mkongwe wa mlimani. Lilichimbwa mlimani, kwa ruhusa ya mwenye ardhi, miaka mitatu iliyopita. Limeshika mizizi kwenye sanduku lake, machipukizi yanarefuka, na unene wake unashinda paja la mtu mzima. Nusu yake imekufa. Juu kuna kisiki bapa palipopita msumeno siku ya kulichimba. Ubavuni kuna mbao kavu ya kijivu iliyopasuliwa na jua, upepo na barafu kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu. Kati ya hivyo viwili unapanda ukanda mmoja wa gome, upana wa viganja viwili, na huo ndio unaolisha kila jani.

Mbao yote hiyo iliyokufa uifanyeje? Uisafishe kwa brashi na kuiacha? Uingie na patasi na koleo? Au uwashe mashine?

Anayeuliza swali hili hupewa majibu makali. Kuna wanaoapa kwamba mashine ni ya wasio na subira, na kuna wanaocheka wakimwona mtu akigonga patasi wiki nzima kwa kazi ya saa moja. Mimi nimetumia njia zote tatu na nimejuta katika zote tatu, kwa hiyo sina sababu ya kuipendelea hata moja.

Jini na shari

Wajapani wana maneno mawili ambayo masikioni mwetu yanashtua. Tawi au kilele kilichokufa kikabaki bila gome huitwa jin. Ukanda uliokufa kwenye shina lenyewe huitwa shari. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema mti wake una jini kileleni na shari ubavuni, usimtafutie mganga. Jin huandikwa kwa alama ya mungu au roho, na shari ni mabaki ya mifupa ya Buddha. Mti unaonyesha mifupa yake, basi. Sehemu inayoishi nitaiita mshipa hai.

Mshipa huo ndio siri ya mreteni, na hapa nasema mreteni kwa jamii nzima ya Juniperus, ambayo mtarakwa nao umo. Mti huu huishi kwa mistari: mzizi fulani hulisha tawi fulani kupitia ukanda fulani. Tawi likifa, ukanda wake hufuata. Mzizi ukifa, ni hivyo hivyo. Ndiyo maana mti wa karne kadhaa waweza kuishi kwa utepe mwembamba wa gome huku shina lote lililobaki likiwa mfupa. Kiini chake chekundu chenye harufu kali kina mafuta yanayozuia kuoza, kwa hiyo mfupa wenyewe hudumu. Mbao nyeupe ya nje haina ukaidi huo.

Ukavu huo ni wa nani?

Kabla ya kushika chombo chochote, tenganisha mbao iliyouawa na mlima na mbao uliyoiua wewe. Ya kwanza imeliwa polepole: sehemu laini zimekwenda, ngumu zimebaki kama mbavu, na kila ufa unafuata mkondo wa nyuzi. Ya pili ni kisiki cha msumeno, tawi ulilolivua gome juzi, au shari uliyoifungua mwaka huu. Uso wake ni bapa, una rangi ya siagi, na hauna umri.

Naona ubishi mwingi wa patasi dhidi ya grenda ni wa watu wawili wanaotazama mbao mbili tofauti. Shina kubwa la mlimani huwa na zote mbili, mara nyingi zikiwa zimepakana, na tatizo lako halisi ni mpaka wao. Jicho likifika mahali ambapo kazi ya mlima inaishia na ya mwanadamu inaanza, lisijue limevuka.

Nitazipima njia hizi kwa sura zinayoiacha, hatari kwa mti, muda, mwili na vifaa vyako, na mwisho kama kosa laweza kurudishwa.

Sura

Brashi. Hapa unatumia brashi ya nailoni, au ya shaba pale mbao ilipo ngumu, maji kidogo, kijiti chenye ncha, na kisu kidogo cha kutolea gome lililokufa na mbao iliyooza ikawa kama sponji. Huongezi umbo lolote, unalifunua lililokuwepo. Kwenye ukavu wa zamani hakuna mkono wala mashine inayofikia matokeo hayo, na nimeona kazi za mafundi wakubwa ambazo sehemu yake nzuri kuliko zote ndiyo ambayo hawakuigusa. Lakini brashi haina la kukiambia kisiki. Kilikuwa bapa, kitabaki bapa, safi tu.

Mkono. Watu husema "kuchonga kwa mkono" kana kwamba ni tendo moja, kumbe ni mawili. La kwanza ni kuchana. Unakipasua kisiki juu kwa kikato kidogo, unashika nyuzi chache kwa koleo, kisha unazivuta kushuka. Zinatoka kwa njia yake, wala si kwa njia yako. Nyuzi za mireteni mingi ya mlimani hulizunguka shina kama kamba iliyosokotwa, na ukichana, msokoto huo unajitokeza wenyewe. Tawi lililovunjwa na uzito wa theluji huchanika namna hiyo hiyo, na ndiyo sababu jicho halina shaka nalo. Mbao ikiwa bado mbichi nyuzi hutoka ndefu. Ikishakauka hukatika vipande vifupi, na kazi inageuka adhabu.

La pili ni kuchonga kwa patasi, hasa patasi ya mviringo, ukifuata nyuzi na kuacha migongo midogo. Linafaa kuunganisha sehemu uliyoichana na ukavu wa zamani uliopo chini yake. Mipaka yake ni kina. Patasi haipendi kuingia katikati ya kisiki cha sentimita 15 na kutengeneza pango.

Mashine. Nguvu yake ni hicho hicho kina. Jin nene lililochongwa juu juu linabaki gogo lenye mikwaruzo. Jin lililotobolewa, likapata pango na ukingo mwembamba, lina kivuli, na bila kivuli mbao kavu haionekani kongwe kwa mtazamaji aliyesimama hatua mbili mbali. Kwa kazi nzito hutumika grenda nyembamba yenye shingo inayoshika biti ya mhimili wa milimita 6, inayozunguka kama mara 25,000 kwa dakika. Kwa umalizi kuna mashine ndogo za mkononi za aina ya Dremel, zenye biti za milimita 3.2.

Udhaifu wake ni kwamba biti haiulizi nyuzi zinaelekea wapi. Inakata kwa ulaini ule ule kufuata mkondo na kuukata mkondo, ikiacha mabonde ya mviringo yanayofanana, na manyoya ya nyuzi yaliyosimama. Dawa ipo: unayachoma manyoya kwa mwali mdogo wa gesi, unasugua kwa brashi ya chuma kufuata nyuzi, unarudia. Moto hula sehemu laini kwanza, kwa hiyo nyuzi ngumu hubaki zimeinuka. Kisha mvua na jua vifanye kazi kwa miaka miwili au mitatu. Kazi ya mashine inayohukumiwa siku ile ile inahukumiwa kabla ya wakati.

Wanaoidharau mashine wamkumbuke Masahiko Kimura, fundi wa bonsai wa Japani aliyezaliwa mwaka 1940, ambaye kazi zake kwenye mireteni mikubwa zilibadilisha fikra za Wajapani na za dunia kuhusu vyombo vya umeme. Wanaoiabudu nao waziangalie kazi hizo kwa karibu: mkondo wa nyuzi umeheshimiwa.

Hatari kwa mti

Kwa njia zote tatu sharti la kwanza ni moja. Mti uwe umeshika mizizi, na kwangu hiyo ni misimu miwili au mitatu tangu kuchimbwa. Usiuchonge kwa nguvu mwaka uliouhamishia kwenye chungu kingine. Mbao iliyokufa haisikii maumivu, lakini mizizi midogo mipya inasikia kila mtikisiko.

Kwa hiyo brashi ndiyo ya upole zaidi, ingawa maji ya kasi karibu na ukingo wa mshipa yaweza kuinua gome. Nimewahi kuligandua gome la urefu wa kidole kwa namna hiyo, kwenye kazi niliyoiita "usafi tu".

Mkono una hatari moja ambayo wanaoanza hawaitarajii. Nyuzi unazozivuta hazisimami unapotaka. Zikiwa zinazunguka shina, zinaweza kushuka moja kwa moja hadi kwenye mshipa hai na kuuchana pamoja na tawi linalotegemea mshipa huo. Kata kizuizi kwanza: mkato mfupi wa kuzikatisha nyuzi pale unapotaka zikome. Pia, patasi inayogongwa kwa nyundo hulitikisa shina zima, na wengi husahau hilo wanapoisema mashine.

Mashine hutikisa kwa kasi na kwa muda mrefu, kwa hiyo lifunge shina kwenye sanduku, na sanduku kwenye meza, mpaka vyote viwe kitu kimoja. Hatari kubwa zaidi ni kuteleza. Biti ikigonga fundo huruka, na ikiruka kuelekea kwenye mshipa hai inakata ndani ya nukta moja kile ambacho mti umekilinda kwa karne. Pitisha chaki kwenye mipaka yote ya mshipa, pande zote za shina, kabla ya kuwasha. Elekeza biti ijivute mbali na gome, wala si kuliendea. Ukitumia moto, funika gome na majani ya karibu kwa kitambaa kilicholowa.

Kama unafungua shari mpya, chombo si hoja kubwa. Vua gome wakati wa ukuaji, linapoachia kwa urahisi, na uache mshipa mpana kuliko unavyoutaka. Utaupunguza kidogo kidogo miaka ijayo. Ukingo wake utajiviringisha na mshipa utavimba, na uvimbe huo unapendeza kuliko chochote utakachokichonga.

Shina likihitaji kupindwa

Hapa ulinganisho unabadilika kidogo, maana kuchonga kunakuwa njia ya kutengeneza umbo. Shina nene halipindiki kwa sababu ya kiini chake. Ukichimba mfereji mrefu upande uliokufa na kukipunguza kiini, kilichobaki ni mshipa hai wenye mgongo mwembamba wa mbao, na huo hukubali. Unaufunga kwa kamba za rafia zilizoloweshwa, unaongeza waya nene, kisha unavuta polepole kwa waya za kukaza, pengine kwa wiki kadhaa.

Brashi haina nafasi hapa. Patasi inaweza, kwa shina la unene wa kifundo cha mkono. Zaidi ya hapo mashine ndiyo inayofaa, na sioni aibu kulisema hivyo. Ila kazi hii huua miti, kwa sababu kina cha mfereji unakikisia na upande wa pili wa kisio hilo ndipo uhai ulipo. Usiifanye kwa mara ya kwanza kwenye shina lako bora.

Muda

Kusafisha shina kubwa kwa brashi ni kazi ya siku moja au mbili, halafu kila mwaka saa chache. Kuchana kisiki ni mchana mmoja mbao ikiwa mbichi, na patasi juu yake yaweza kula wikendi kadhaa. Mashine huondoa mbao nyingi ndani ya saa moja, lakini hesabu umalizi wa mkono unaofuata, ambao ukiufanya vizuri hurefuka kuliko uchongaji wenyewe. Anayechagua mashine ili amalize mapema kwa kawaida huiacha kazi katikati, ikiwa na manyoya yake.

Mwili na vifaa

Brashi na kisu hazidai chochote isipokuwa barakoa ukisugua mbao kavu. Koleo, patasi mbili tatu na nyundo ni za maisha, mradi ujue kunoa. Patasi butu ndiyo inayojeruhi, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu na mkono wa pili huwa mbele yake. Usiuweke mbele kamwe.

Mashine ina madai mengi. Miwani ya kinga na ngao ya uso, kinga ya masikio, barakoa nzuri, maana vumbi la mreteni huwasha mapafu na ngozi ya baadhi ya watu. Usivae glavu pana, shanga wala mikono ya shati inayoning'inia: kinachozunguka hushika na kuvuta. Shika kwa mikono miwili. Hakikisha biti imeruhusiwa kwa kasi ya mashine yako, kwani biti ya mashine ya taratibu ikipelekwa mizunguko 25,000 yaweza kuvunjika na kuruka. Grenda pana ya diski, ile ya milimita 115 inayozunguka kama mara 11,000, ikiwekwa diski ya meno ya kuchongea mbao ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, na kwa mtu anayejifunza peke yake ningemwambia aiache. Kelele nazo ni hoja kama unaishi ukuta kwa ukuta na wengine.

Kurudi nyuma

Mbao iliyotolewa haijazwi. Brashi ikikosea ni kidogo, labda umeondoa rangi ya kijivu ambayo miaka itairudisha. Mkono hukosea polepole, na kati ya pigo moja na jingine una nafasi ya kusimama na kutazama. Mashine hukosea kabla hujajua. Katika jambo hili haziko sawa.

Lakini kuna upande mwingine. Woga wa kukosea huwafanya watu wa brashi na wa patasi waache kisiki kikubwa juu ya mti kwa miaka kumi, wakisema "nitakuja kukishughulikia". Huko nako ni kuchagua, na kila mtazamaji hukiona.

Njia yoyote utakayoichagua, mbao mpya huhitaji chokaa salfa, dawa ya maji ya chokaa na salfa: huilinda na kuipausha. Paka siku kavu, baada ya kulowesha mbao kidogo ili dawa inywewe vizuri, na ufunike udongo na mshipa usidondokewe. Fanyia nje, inanuka mayai yaliyooza, na usiichanganye kamwe na asidi. Weupe wake wa mwanzo ni wa karatasi, kwa hiyo wengine huongeza tone la wino mweusi ili uwe kijivu. Kwenye ukavu wa zamani wenye rangi nzuri ningeipaka nyembamba sana, au nisiipake kabisa isipokuwa chini karibu na udongo.

Kwa hali yako

Kama ukavu wa shina lako karibu wote ni wa mlima, na visiki vya msumeno vinaweza kufichwa nyuma au kufunikwa na majani, shika brashi. Ni njia pia ya aliye na mti wake wa kwanza wa aina hii, na ya yule ambaye mti wake bado ni dhaifu.

Kama una kisiki kimoja au viwili vya unene wa mkono, bado vibichi, chana mwaka huu kabla havijakauka, kisha patasi. Ukiwa na jioni nyingi fupi na majirani karibu, njia hii pia itakufaa kuliko mashine.

Kama kisiki ni kinene kuliko kiganja kilichofunguliwa, kimekauka, na kiko mbele ya mti ambapo hakifichiki, mashine inastahili nafasi yake. Jizoeze kwanza kwenye vipande vya mreteni uliokufa mpaka uweze kuchonga bonde linalofuata nyuzi bila kufikiri. Ukiwa huna mazoezi hayo wala vifaa vya kinga, kumpa fundi kazi ya saa mbili si kushindwa.

Kama shina lina zote, na mengi yana zote, mpangilio wangu ni huu: brashi kwenye kila kilicho cha zamani, ili ujue lugha ya nyuzi zake, mashine ndani ya kisiki tu, ikikomea sentimita mbili tatu kabla ya kufika kwenye kazi ya mlima, halafu koleo na patasi kwenye zile sentimita zilizobaki.

Na kama bado hujaamua mbele ya mti ni upande gani, usichonge chochote isipokuwa vumbi. Andika tarehe kwenye sanduku, geuza mti kidogo kila wiki, na chora kwa chaki kila unachotaka kukitoa. Mvua ikiifuta, chora tena. Ukikuta umechora mstari ule ule mara tatu, leta vyombo.